Kupaka Rangi Mbao za Ukutani Bila Kuua Harufu Yake



Somo la safari hii ni la vikundi vya useremala, na pia vile vinavyojenga vyumba vya wageni, nyumba za kupangisha au ukumbi. Siku hizi watu wengi wanapenda kufunika kuta za ndani kwa mbao. Chumba kinakuwa na joto, jambo ambalo sisi wa sehemu za baridi tunalijua thamani yake, na tena kinapendeza. Halafu mbao kama mtarakwa na saipresi zina harufu nzuri, mgeni anaisikia mara tu akifungua mlango.

Shida inaanzia kwenye rangi. Mtu anataka mbao ziwe nyekundu kidogo, au kahawia iliyoiva. Anakimbilia dukani, ananunua mkebe, anapaka. Baada ya wiki moja rangi ipo, lakini harufu imekwenda. Je, lazima tuchague kimoja? Hapana. Tukielewa harufu inatoka wapi, tunaweza kupata vyote viwili.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
– kueleza kwa nini mbao hunukia na kwa nini harufu hupotea;
– kuchagua rangi inayofaa kazi yao;
– kufanya jaribio dogo kabla ya kutumia pesa ya kikundi;
– kufanya kazi bila kuumia na bila kuchoma nyumba.

HADITHI YA KUANZIA
(Mmoja aisome kwa sauti, wengine wasikilize.)

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja upande wa Nyandarua. Kilikuwa na wanachama 14, wengi wao akina mama. Walikuwa wamejenga vyumba viwili vya kulaza wageni karibu na soko. Jirani mmoja alikuwa akibomoa nyumba kuukuu ya walowezi, na kikundi kikanunua mbao zake za mtarakwa kwa bei ya kuelewana. Mbao hizo zilikuwa zimekaa ukutani tangu kabla ya uhuru. Zilikuwa nyeusi kwa moshi na vumbi, hata wengine wakasema hizo ni kuni tu. Lakini fundi alipopitisha randa mara moja, harufu ikajaa uwanja mzima. Watu waliacha kazi zao wakaja kunusa.

Ukaja mjadala wa rangi. Vijana walitaka ukuta ung'ae kama hoteli ya mjini. Sisi tulioitwa kutoa ushauri tulikubaliana nao, na hapa tunakiri kosa letu. Hatukuuliza na hatukujaribu. Tulisema tu, "Pakeni vanishi yenye rangi, pande zote mbili, mara tatu. Zitadumu." Mkebe baada ya mkebe, michango ya miezi miwili ikaisha.

Wiki mbili baadaye vanishi ilikuwa bado inanata. Ukiegemea ukuta, sweta inashikwa. Na chumba chenyewe kilinuka vanishi. Cucu mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, aliingia akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi mara mbili. Akatuambia, "Watoto wangu, hizi mbao mmeziziba mdomo."

Mwenyekiti akamjibu, "Ni kweli, Cucu. Sasa tufanyeje?"

Siku hiyo hakuna aliyekuwa na jibu, na sisi tukiwemo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika hadithi hii ni nini kilichopotea zaidi ya pesa?
2. Ni nani angeulizwa kabla ya kununua vanishi?
3. Je, kikundi chetu kimewahi kufuata ushauri wa mtu wa nje bila kuujaribu? Matokeo yalikuwaje?

Mkimaliza kujadiliana, endeleeni na sehemu zifuatazo.

1. HARUFU INATOKA WAPI?

Mtarakwa ni mti wa kiasili wa nyanda za juu. Wakikuyu huuita mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, Wanandi tarakwet. Mafundi wengi husema sida tu. Wataalamu wa miti wanauita Juniperus procera. Unapatikana katika misitu kama ile ya Aberdare, Mlima Kenya na Mau. Wazee wetu wanaujua kwa nguzo za uzio, maana nguzo ya mtarakwa hukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa na mchwa. Wakati wa ukoloni mbao zake zilipelekwa ng'ambo kutengenezea penseli, kwa sababu ni laini kuchonga na nyuzi zake zimenyooka.

Ukikata gogo la mtarakwa utaona sehemu mbili. Nje kuna sehemu nyeupe na ndani kuna moyo wa mti, mwekundu unaoelekea kahawia. Harufu iko katika moyo. Humo mti umehifadhi mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo yanayonukia na ndiyo yanayosaidia kuwazuia wadudu. Ile sehemu nyeupe haina harufu ya maana, na wadudu huila. Kwa hiyo mkinunua mbao kwa ajili ya harufu, angalieni rangi yake. Ubao mweupe nusu nzima ni harufu nusu.

Saipresi, ambao wengi wetu tunaupata kwa urahisi kwa sababu hupandwa mashambani, nao una harufu nzuri, ila si kali kama ya mtarakwa. Rangi yake imepauka, na ndiyo maana watu hutaka kuupaka ufanane na mbao za bei kubwa.

Sasa mambo mawili ya kukumbuka:

Kwanza, harufu ni mafuta yanayoruka hewani kidogo kidogo kutoka usoni mwa ubao. Yale ya juu yakishakwisha, ubao unaonekana hauna harufu. Lakini ndani bado yamo. Ndiyo sababu randa ilipopita kwenye zile mbao kuukuu, harufu ilirudi. Hata msasa laini unatosha kuirudisha.

Pili, ili mafuta yaruke lazima uso wa ubao uwe wazi. Ukiufunika kwa kitu kisichopitisha hewa, umefunga mlango.

2. AINA TATU ZA VITU VYA KUPAKA

Dukani mikebe yote inafanana, lakini kazi zake ni tofauti.

(a) Rangi ya kupenya, ile mafundi huita steni. Hii huingia ndani ya mbao na kubadili rangi yake. Haiachi ngozi juu. Kuna ya maji, kuna ya spiriti na kuna ya mafuta. Steni ya maji ikikauka haiachi harufu yake mwenyewe, kwa hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Ya spiriti hukauka upesi sana, inataka mkono mwepesi, la sivyo inaacha mabaka. Ya mafuta huchelewa kukauka na harufu yake hukaa siku nyingi.

(b) Vitu vya kuziba: vanishi, sanding sila, shelaki na rangi za kawaida za mafuta. Hivi hufanya ngozi juu ya ubao. Ngozi hiyo inakinga maji na uchafu, lakini pia inafunga harufu. Mipako mitatu ni kama kuweka ubao ndani ya chupa.

(c) Nta na mafuta ya kusugua. Hivi viko katikati. Nta nyembamba inapunguza harufu, lakini haiiui kabisa kama ikipakwa kidogo na kusuguliwa vizuri.

Hebu angalieni tena kosa la hadithi yetu. Vanishi ilinata kwa nini? Mafuta ya mtarakwa yanapenya na kuilainisha vanishi ya mafuta, hivyo inachelewa sana kukauka, na pengine haiwi ngumu sawasawa. Kwa hiyo tulipata hasara mara mbili: harufu ilifungwa, na vanishi yenyewe haikukauka.

3. NJIA NNE ZA KUPATA RANGI NA HARUFU

Njia ya kwanza: paka uso mmoja tu. Steni ya maji iende upande unaoonekana. Upande wa nyuma, kingo na ule ulimi wa kuingiliana wa mbao za T&G, usipake chochote. Harufu itatoka nyuma.

Njia ya pili: acha hewa ipite nyuma ya mbao. Usipigilie mbao moja kwa moja ukutani. Weka fito za unene wa sentimita 2 kwanza, kisha mbao juu yake. Acha nafasi ya sentimita 1 chini karibu na sakafu, na nyingine kama hiyo juu karibu na dari. Hewa itaingia chini na kutokea juu ikibeba harufu. Nafasi hizo zifunikwe kwa wavu mdogo, panya wasije wakafanya makao. Kama fito zimelala kama ngazi, zikate mapengo ili hewa ipate njia. Mpango huu pia unazuia mbao kuoza ukutani, lakini haumalizi ukuta unaovuja. Ukuta wenye maji utengenezwe kwanza.

Njia ya tatu: gawanya ukuta. Sehemu ya chini, mpaka kimo cha mita 1 hivi, ndiyo inayoguswa na mikono, viti na watoto. Hapo weka saipresi iliyopakwa steni, hata ikitiwa vanishi si neno. Sehemu ya juu weka mtarakwa mtupu, bila kitu. Mtarakwa ni ghali na ni haba, kwa hiyo tunautumia pale unapofanya kazi yake.

Njia ya nne: usipake kabisa. Wakati mwingine jibu ni hilo. Mtarakwa una wekundu wake wa asili, na jinsi miaka inavyokwenda unageuka kahawia wenyewe. Tujiulize kwanza: rangi tunaitaka ya nini? Kama ni kwa sababu jirani amepaka, tuokoe pesa yetu.

4. HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Hakikisheni mbao zimekauka. Chukueni kipande kimoja, kipimeni kwenye mizani, mwandike uzito. Kipimeni tena kila baada ya siku 3. Uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari. Mbao mbichi zitajikunja na kuachana ukutani.

Hatua ya 2. Kwa mbao za zamani, ondoeni misumari yote kabla ya kupitisha randa. Msumari mmoja unaharibu kisu. Kama zina rangi ya zamani ya dukani, msizipige msasa mkavu hasa palipo na watoto, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu. Rangi hiyo ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, na takataka zake zikusanywe, zisibaki uani.

Hatua ya 3. Pigeni msasa namba 120, halafu namba 180, mkifuata nyuzi za mbao. Msipige kwa kukata nyuzi, steni itaonyesha kila mkwaruzo.

Hatua ya 4. Futeni mbao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ziacheni zikauke. Utaona nyuzi ndogo zimesimama kama ndevu. Zikateni kwa msasa laini, taratibu. Mkiruka hatua hii, steni ya maji itazisimamisha nyuzi baadaye na ukuta utakuwa na mikwaruzo.

Hatua ya 5. Koroga steni vizuri. Mikebe yote ya rangi moja changanyeni pamoja kwenye debe moja safi la plastiki kabla ya kuanza, ili ukuta usiwe na rangi mbili.

Hatua ya 6. Pakeni kwa brashi au kitambaa, ubao mmoja mmoja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kusimama katikati. Baada ya dakika chache futeni ile iliyozidi. Kama rangi haijakolea, acheni ikauke halafu rudieni. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi.

Hatua ya 7. Acheni mbao zikauke kabisa kabla ya kuzipigilia. Kwa mbao za T&G, ni afadhali kupaka kabla ya kupigilia. Mbao zikisinyaa baadaye, mstari mweupe hautaonekana kwenye maungio.

Hatua ya 8. Kama mnataka ukuta usishike uchafu, sugueni nta kidogo upande wa mbele tu. Msiongeze vanishi juu yake.

5. VITU TUNAVYOWEZA KUTENGENEZA WENYEWE

Steni ya chai na chuma. Hii inatoa rangi ya kijivu hadi nyeusi, nzuri kwa fremu na mistari ya mapambo. Chukua waya mwembamba wa kusugulia sufuria, usio na sabuni. Uoshe utoke mafuta, uutie ndani ya nusu lita ya siki nyeupe katika chupa ya kioo au plastiki. Usikaze kifuniko, kwa sababu kuna gesi inayotoka, na gesi hiyo inashika moto. Weka mbali na jiko. Baada ya wiki moja chuja kwa kitambaa. Pembeni, chemsha nusu lita ya maji na vijiko vidogo 10 vya majani ya chai, ipoe. Paka chai kwanza, ikauke, halafu paka ile siki ya chuma. Mbao itaanza kubadilika mbele ya macho yako. Harufu ya siki huisha baada ya siku chache. Lakini jaribuni kwenye kipande kwanza, kila mbao ina tabia yake.

Nta ya kusugua. Vikundi vinavyofuga nyuki mna bahati. Chukueni nta safi gramu 100, ikwangueni iwe vipande vidogo kabisa, mtie ndani ya chupa pamoja na tapentaini mililita 350. Fungeni, wekeni mahali penye joto la jua, mtikise mara kwa mara. Baada ya siku chache itakuwa kama siagi. Msiipike motoni hata kidogo! Tapentaini inawaka upesi.

Oili chafu ya gari. Tunajua wengi wanaipaka mbao kwa ajili ya mchwa. Tafadhali, isiingie ndani ya nyumba. Inanuka miaka mingi, inachafua nguo, inaongeza moto nyumba ikiungua, na ina vitu vya kudhuru ngozi na hata kuleta saratani.

6. USALAMA

Vumbi la mtarakwa linawasha pua na macho, na mwenye pumu anaweza kushikwa vibaya. Pigeni msasa nje, mfunge pua na mdomo kwa maski au kitambaa. Mama mjamzito na watoto wakae mbali.

Spiriti, thina na tapentaini havitaki moto. Kusiwe na jiko, koroboi wala sigara karibu. Madirisha yawe wazi.

Matambara yaliyotumika na mafuta ya kitani au steni ya mafuta ni hatari ambayo wengi hawaijui. Ukiyarundika kwenye kona, yanaweza kupata joto yenyewe na kushika moto bila mtu kuyawasha. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke ndani ya ndoo ya maji. Usilale nayo ndani ya karakana.

Na jambo moja kwa wenye vyumba vya kulaza watu: harufu kali haimfai kila mtu. Mgeni mwenye pumu apewe chumba kingine. Tena tusimdanganye mteja. Mtarakwa hausimami mahali pa chandarua cha mbu, na sanduku la mtarakwa halilindi nguo chafu. Nguo zifuliwe na kukaushwa kwanza, halafu ziwekwe sandukuni. Harufu ni msaada tu.

7. JARIBIO LA CHUPA

Hili ndilo tungelifanya kabla ya yote. Linahitaji vipande vinne tu vya mbao na wiki mbili za subira.

Kateni vipande vinne kutoka ubao mmoja, kila kimoja sentimita 10. Vyote vipigwe msasa siku moja. Kisha:
– Kipande A kisipakwe kitu.
– Kipande B kipakwe steni ya maji uso mmoja tu.
– Kipande C kipakwe steni ya maji uso mmoja, na nta juu yake.
– Kipande D kipakwe vanishi pande zote.

Viacheni vikauke kivulini kwa wiki nzima. Halafu kila kipande kiwekwe ndani ya chupa yake safi yenye mdomo mpana, kifungwe. Andikeni herufi chini ya chupa, mahali pasipoonekana. Baada ya siku 2, watu watano wafumbe macho, wafunguliwe chupa moja moja, waseme ipi inanukia zaidi. Katibu aandike. Mwenye mafua asihesabiwe!

Tulipofanya jaribio hili, ubishi wote uliisha. Mtu haambiwi na mtaalamu, anaambiwa na pua yake mwenyewe. Na hasara ya jaribio ni vipande vinne, si michango ya miezi miwili.

8. HESABU KABLA YA KWENDA DUKANI

Tuchukue mfano. Ukuta una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.4. Zidisha: ni mita mraba 9.6. Kama mkebe umeandikwa kwamba lita 1 inapaka mita mraba 10, na mnataka kupaka mara mbili, ni mita mraba 19.2, yaani karibu lita 2. Mkipaka upande mmoja tu badala ya pande mbili, mmepunguza gharama kwa nusu. Kwa hiyo kuhifadhi harufu pia ni kuhifadhi pesa.

Mweka hazina aandike kila kitu: mbao, steni, msasa, brashi, misumari, na siku za kazi za wanachama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata maranda ya mtarakwa yasitupwe. Yakaushwe, yashonwe ndani ya vifuko vidogo vya kitambaa, yauzwe sokoni kwa watu wa kuweka kabatini. Harufu ikififia, mteja akikamue kifuko kwa mkono au aje anunue kingine.

9. MTI WENYEWE

Hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Mtarakwa hukua polepole mno. Mti mkubwa unaouona leo ulikuwa tayari umesimama kabla babu zetu hawajazaliwa. Kuukata msituni bila kibali ni kosa, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 ina adhabu kali. Mtu akiwaletea mbao za mtarakwa usiku kwa bei ya chini, msizipokee. Mbao halali zina karatasi, na kuzisafirisha kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Iombeni karatasi hiyo, muitunze kwenye faili.

Kuna njia bora zaidi: mbao za nyumba zinazobomolewa, nguzo za uzio wa zamani, milango kuukuu. Zina harufu ileile. Na kila kikundi kinachofanya kazi ya mtarakwa kipande miche yake. Sisi hatutaipasua. Watoto wa watoto wetu wataipasua.

MWISHO WA HADITHI

Kikundi kile kilikaa, kikaamua. Walibandua mbao za chumba kimoja, ubao mmoja mmoja. Kwa siku tisa walikwangua ile vanishi, kisha fundi akapitisha randa nyuma na mbele. Mbao zilipungua unene, na nne zilipasuka. Hiyo ilikuwa hasara ambayo hairudi, kwa sababu mbao kama zile hazipo tena dukani. Zilipakwa steni ya maji upande mmoja, zikapigiliwa juu ya fito. Sisi nasi tulishika vipande vya kukwangulia pamoja nao, ndiyo ilikuwa haki.

Chumba cha pili walikiacha vile vile. Pesa ilikuwa imekwisha, lakini pia walisema kiwe shule. Mgeni akifika anaonyeshwa vyote viwili, achague. Cucu alipoingia katika kile cha kwanza hakusema neno. Alikaa kitandani, akaomba aletewe chai humo humo.

MASWALI YA MWISHO
1. Katika eneo letu, ni mbao gani zenye harufu, na nani anazijua vizuri? Tumemuuliza?
2. Kati ya zile njia nne, ipi inafaa chumba chetu na mfuko wetu?
3. Tukikosea, tuna utaratibu gani wa kukiri kosa bila kugombana?

KAZI YA NYUMBANI
Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila kikundi kifanye jaribio la chupa kwa mbao za hapo kwenu, hata kama ni saipresi tu. Katibu alete matokeo yaliyoandikwa. Vikundi jirani vikutane kulinganisha, kwa maana mbao za mahali pamoja si lazima ziwe na tabia sawa na za kwingine.

Tuone kwanza, tuamue pamoja, halafu tutende. Tukifuata mpangilio huo, hata tukikosea, tutakosea kwa kipande cha sentimita 10.

Ni sisi wenzenu katika kazi ya maendeleo.